Kabla Hujachoma Diski, Itazame Dirishani

Ukungu wa leo hapa Isongole umekaa chini kiasi kwamba malori ya viazi yanapita yamewasha taa, na saa mbili imeshapita. Naamini kila mmoja yuko jirani na moto, chai imemiminwa, na redio haiko mbali. Ndugu zangu wa Kiwira na Tukuyu mjini, nawasalimu. Na nyinyi mlioteremka Kyela kwa shughuli zenu, ambako jua limeshaanza kuwaka, nanyi nawasalimu.

Leo naomba tuanze kwa maswali. DVD ya harusi yako iko wapi? Ya kipaimara cha mtoto je? Na ile ya kwaya, mliyorekodi mwaka ule mlipovaa sare mpya? Iko juu ya kabati? Iko kwenye sanduku la nguo, katikati ya vitenge? Haya, na swali lililonileta hapa ni hili: mara ya mwisho kuiweka kwenye deki ukaiona inacheza mwanzo hadi mwisho ilikuwa lini?

Nauliza kwa sababu wiki tatu zilizopita mama mmoja wa hapa hapa kijijini alikuja kwenye kibanda changu. Wengi mnajua kazi yangu: napiga video za sherehe na kuchoma diski. Mama alikuwa ameifunga DVD kwenye kitambaa cheupe, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua yai. Ilikuwa ya sendofu ya binti yake. Baba wa binti ameshatangulia mbele za haki, na nasaha alizompa mwanawe siku ile hazimo mahali pengine popote ila humo. Akaniambia, "Mwanangu, deki inaizungusha tu, picha haiji."

Nitawaambia tulifika wapi. Lakini kwanza tuelewane kuhusu diski yenyewe, maana watu wananijia kila siku na swali moja, "Ninunue mashine gani ya kuchomea?" na mimi nawajibu kwamba mashine ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni diski. Nasema tena: nusu nyingine ni diski, na hiyo ndiyo inayobaki nyumbani kwako mashine ikishakufa.

Sikilizeni hili vizuri, kwa sababu mengine yote yanatoka humu. Diski ya kiwandani na diski tunayochoma sisi zinafanana sura tu. Filamu halisi iliyotoka kiwandani imegongwa kwa kalibu, kama muhuri unavyogongwa kwenye karatasi. Vishimo vidogo sana vimebonyezwa kwenye plastiki, na vishimo havichuji. Diski yetu tupu, hii ya kuchoma, ndani yake haina vishimo. Ina rangi. Ndiyo, rangi, tabaka jembamba la rangi, na nyuma yake tabaka la kioo cha madini la kurudisha mwanga. Leza ya mashine inaiunguza ile rangi alama kwa alama, na alama hizo ndizo deki inazisoma baadaye. Ndiyo maana tukasema kuchoma, na neno letu limepatia kabisa.

Sasa, wewe mama au baba, kitenge chenye rangi nzuri ukikiacha juani mwezi mzima kinakuwaje? Kinapauka. Basi na diski ni hivyo hivyo. Jua, joto na unyevu ni maadui wa rangi.

Ukiwa na diski hapo, ichukue sasa. Shika pembeni kwa vidole, usiguse uso. Ipeleke dirishani, uiinamishe kidogo ili mwanga uteleze juu yake. Unaona upande wa chini una rangi ya zambarau kwa mbali? Hiyo ni ya kuchoma. Ya kiwandani hung'aa kama fedha. Sasa tazama kuanzia tundu la katikati kwenda nje. Utaona duara pana lenye weusi tofauti kidogo, halafu mstari, halafu pembeni pameachwa. Duara lile ndiyo sherehe yenu. Diski inaandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo maharusi wanaingia ukumbini karibu na tundu, na keki inakatwa huko ukingoni. Na ukingoni ndiko vidole vinakogusa, ndiko mikwaruzo na unyevu vinakoanzia. Kumbukeni hilo, tutalirudia kwa yule mama.

Haya, twende dukani. Umefika Tukuyu au Mbeya mjini, muuzaji anakutandikia diski mezani. Moja imeandikwa DVD-R, nyingine DVD+R. Moja ina alama ya kutoa, nyingine alama ya kujumlisha. Je, yenye kujumlisha ina nafasi zaidi? Hapana. Nimeulizwa hili mara nyingi sana, na jibu ni hapana. Zote mbili zinabeba kiasi kile kile, gigabaiti 4.7.

Tofauti ilitokana na wakubwa kutoelewana. Alama ya kutoa ilitangulia. Kampuni ya Pioneer ya Japani iliileta mwaka 1997, na umoja wa kampuni nyingi ukaikubali. Kundi lingine, wakiwemo Philips, Sony na HP, likatengeneza mtindo wake wenye alama ya kujumlisha, na diski zake za kuandika mara moja zikaanza kuuzwa mwaka 2002. Kwa muda fulani mwenye mashine ya upande mmoja hakuweza kuchoma diski ya upande wa pili. Watu walinunua diski, wakarudi nazo nyumbani, mashine ikazikataa. Baadaye viwanda vikachoka na ugomvi huo, vikatengeneza mashine zinazokubali zote. Kwa hiyo mashine yoyote unayonunua leo, angalia kama inakubali kutoa na kujumlisha. Nyingi zinakubali, ila ukinunua ya mtumba, uliza.

Kwa deki za kwetu, hizi za nyumbani, nyingine zina umri wa kijana wa kidato cha nne, mimi nachagua DVD-R. Deki kuukuu huizoea zaidi. DVD+R nayo ni nzuri, na baadhi ya mashine zina uwezo wa kuitia alama ijitambulishe kwa deki kama diski ya kiwandani, deki ikaikubali bila ubishi. Lakini kama hutaki mahangaiko, chukua ya kutoa.

Halafu kuna zile zenye herufi RW mwishoni. Hizo zinafutika na kuandikwa upya, kama mara elfu moja kwa maelezo ya watengenezaji. Nzuri kwa majaribio, kwa kazi ambayo hujaimaliza. Lakini usimpe mtu harusi yake kwenye RW! Kwanza inarudisha mwanga kwa unyonge, deki nyingi za zamani haziioni. Pili, kitu kinachofutika kitakuja kufutwa, kama si na wewe basi na mtoto anayecheza na kompyuta. Diski ya kuandika mara moja ina heshima yake: kilichoandikwa kimeandikwa.

Ipo pia ya tabaka mbili, gigabaiti 8.5, bei juu, na baadhi ya deki hukwama pale zinaporuka kutoka tabaka moja kwenda jingine. Blu-ray ni jambo jingine kabisa, deki yako ya DVD haitaisoma. Tusipoteze muda hapo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo wana Isongole mnalijua kwa maumivu. Lumbesa. Mkulima wa viazi, gunia lako limejaa, limefika shingo, mnunuzi anakuja na nyavu na kamba anakuongezea kichwa juu yake, na analipa bei ya gunia moja. Mnalijua hilo. Sasa, wasikilizaji wangu, nanyi mnanifanyia lumbesa kwenye diski! Mtu anakuja, "Kaka, sherehe ilikuwa ya saa sita, niwekee yote kwenye diski moja, nisilipe mbili." Diski moja ya kawaida inabeba kama saa mbili za picha nzuri. Saa sita zinaingia, siwezi kusema haziingii, lakini zinaingia kwa kubanwa. Kompyuta inatupa sehemu ya picha ili nyingine ipate nafasi. Ukija kutazama, nyuso za wageni zimekuwa vigae vigae, shela ya bibi harusi haina mikunjo, na watu wakianza kucheza skrini nzima inakuwa uji. Mmeziona zile diski za mitaani, filamu ishirini ndani ya moja? Ni hiyo hiyo lumbesa. Lipa diski mbili. Lipa hata tatu. Siku haitarudi.

Na tukiwa kwenye diski za mitaani, niseme neno moja kwa vijana wenzangu wenye raita, yaani mashine za kuchomea. Sisi tulikulia kwenye vibanda vya video, tukisikia sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, ikitueleza kwa Kiswahili nini kinaendelea kwenye picha za kigeni. Tulizipenda kazi zile. Tukampenda na mwigizaji Steven Kanumba, hata alipotutoka Aprili 2012 nchi nzima ikalia. Basi ukiichoma kazi ya msanii wa namna hiyo na kuiuza stendi, umemnyang'anya mtu uliyemlilia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye diski za filamu na muziki. Mashine yako ichome kazi zako, na kazi ulizopewa na wenyewe. Hili nalisema kwa moyo wote.

Turudi kwenye mashine. Unataka kununua raita. Uanze wapi? Anza na kompyuta yako. Kama ni ya mezani, raita inakaa ndani, na zipo za waya mpana wa kizamani na za waya mwembamba unaoitwa SATA. Fungua kompyuta kwanza uone wako ni upi, au beba raita ya zamani uende nayo dukani. Kama ni laptopu, hizi mpya nyingi hazina kabisa pa kuwekea diski, itabidi uchukue ya nje, ile nyembamba ya kuchomeka kwa USB.

Na ya nje ina ugonjwa wake mmoja, njaa. Inakula umeme kutoka kwenye laptopu. Wakati wa kusoma diski haina shida, lakini leza ikianza kuchoma inahitaji nguvu zaidi, na tundu dhaifu la laptopu haliitoshelezi. Unafika asilimia arobaini, inakatika, diski imeharibika. Mimi nimetupa diski nyingi nikidhani ni mbovu, kumbe ni njaa ya mashine. Tafuta raita yenye waya wa vichwa viwili, uchomeke vyote viwili. Na laptopu iwe imejaa chaji kabla hujaanza, kwa sababu umeme ukikatika katikati, diski ya kuandika mara moja haisamehe.

Ukinunua ya mtumba, usilipe kabla haijachoma mbele ya macho yako. Nenda na diski yako tupu na video yako kwenye flashi. Ichome pale pale dukani, halafu ile diski uiweke kwenye deki tofauti. Leza inachoka, ndugu zangu. Mashine inaweza kusoma vizuri ikashindwa kuandika, kwa sababu kuandika kunataka nguvu zaidi kuliko kusoma. Anayekuonyesha tu kwamba inasoma hajakuonyesha kitu.

Kuhusu kasi. Kwenye boksi utaona namba, 8, 16 na kuendelea. Kwa kasi ya 1 diski inajaa karibu saa nzima, kwa 16 ni kama dakika sita. Wateja wamesimama, unavutika kuweka 16. Mimi naweka 8, wakati mwingine 4. Diski ikizunguka kwa kasi kubwa inatikisika, hasa ukingoni, na alama za leza zinatoka ovyo. Dakika chache za kusubiri zinalipa.

Halafu kuna makosa mawili yanayonirudishia watu kila wiki. La kwanza, mtu amechukua faili la video kutoka kwenye simu akalichoma vile vile lilivyo. Kompyuta inalicheza, deki inasema haisomi. Anarudi analalamika diski ni feki. Diski haina kosa! Deki nyingi za zamani zinataka DVD iliyopangwa kwa mtindo wa DVD, na wakati wa kuchoma ni lazima uiambie programu kwamba unatengeneza DVD ya video, siyo diski ya kuhifadhia mafaili. La pili ni kusahau kuifunga diski. Kufunga maana yake mashine inaandika mwanzo na mwisho, kama kushona mdomo wa gunia. Gunia lisiloshonwa halisafirishwi, na diski isiyofungwa itasomeka kwenye mashine iliyoichoma, ikifika kwa jirani haisomeki.

Sasa diski tupu ununue ipi? Zamani tulisifu sana Taiyo Yuden ya Japani, wenyewe ndio waliotutengenezea CD ya kuchoma miaka ya 1980, lakini waliacha kutengeneza diski mwaka 2015. Viwanda vinapungua. Hata Sony wamesimamisha Blu-ray za kuandikia Februari 2025. Verbatim bado zinapatikana, mimi ndizo natumia kwa kazi za watu. Zipo na za aina ya M-DISC, zilizoanzishwa na kampuni ya Millenniata ya Marekani. Hizo hazitumii rangi ya kawaida, leza inachimba kwenye tabaka gumu kama la mawe, ila zinataka raita iliyotengenezwa kuzikubali. Za bei poa zisizo na jina, zinazouzwa wazi juu ya meza juani, mimi sizigusi. Juani! Rangi imeanza kuchoka kabla hujaandika hata alama moja.

Ukishachoma, andika jina kwa kalamu laini isiyo na spiriti kali, karibu na tundu, pale penye plastiki tupu. Usibandike karatasi, diski ikizunguka karatasi inaivuta upande. Na hapa nitofautishe kidogo. CD ya muziki, tabaka lake liko juu kabisa, chini tu ya maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa maandishi ndio unaoiua. DVD ni vipande viwili vya plastiki vimegundishwa, na tabaka liko katikati, kama siagi kwenye mkate. Ukiikunja kuitoa kwenye kasha, siagi inaachana na mkate. Bonyeza kitufe cha katikati, diski ijiachie yenyewe.

Na kwa hali yetu ya hewa, unyevu. Huku kwetu mvua haina mapumziko, na kwenye sanduku lililogusa ukuta, koga inaota mpaka kwenye viatu. Weka diski zikiwa zimesimama kwenye kasha zake, mbali na ukuta, mbali na moshi wa jiko. Usitoe raita kwenye chumba cha baridi ukaiwasha papo hapo karibu na moto, lenzi itatoa jasho. Iache nusu saa kwanza. Na ukimpelekea ndugu yako diski Kyela, usiiache mbele ya kioo cha gari.

Sasa yule mama. Niliisafisha diski yake kwa pamba na maji safi kidogo, nikifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kamwe usifute kwa kuzungusha. Nikaiacha deki, nikaiweka kwenye raita, kwa sababu mara nyingi raita inasoma diski dhaifu vizuri kuliko deki. Ikasoma. Tukamwona binti akiingia, tukaona mashangazi wakitunza, tukaona zawadi. Halafu mzee akasimama. Akachukua kipaza sauti, akakohoa kidogo, akasema, "Mwanangu." Picha ikaganda. Tulikuwa tumefika ukingoni mwa diski.

Nilijaribu siku mbili, mashine tatu. Haikwenda. Nikamuuliza, "Mama, siku ile zilichomwa diski ngapi?" Akafikiri. Akasema anakumbuka shangazi wa binti aliyeolewa Kyela alipewa moja. Tukampigia. Alikuwa nayo, kwenye kasha lake, kwenye droo ya kabati la vyombo, miaka yote hiyo hajaifungua zaidi ya mara mbili.

Ilipanda na basi ndani ya bahasha, imewekwa katikati ya makaratasi magumu. Jumatatu mama alikuja mapema kabla sijafungua kibanda. Kwanza niliihamishia kwenye kompyuta, nikaweka na kwenye diski ngumu, ndipo nikachoma tatu mpya, kwa kasi ya 4, moja yake, moja ya binti, moja ya kurudi Kyela. Ya kwanza ilipotoka tuliiweka kwenye deki. Mzee akasimama, akakohoa, akasema, "Mwanangu," na akaendelea. Alizungumza kama dakika saba. Mama alikaa kwenye kigoda hakusema neno. Mzee alipomaliza na watu wakapiga makofi, akaniomba turudishe nyuma kidogo.

Tukarudisha.

Muda wangu umeisha. Jumamosi nitakuwepo kibandani tangu asubuhi, njooni na diski zenu tuzitazame dirishani.